Masizi Uliyoyaona, Mayu

Mayu,

Mwangaluka. Nimekusalimu kwanza, maana hukupenda mtu aanze na shida kabla ya salamu. Leo nimekaa kuandika mara tatu, na mara tatu nimeinuka. Nimefagia chumba ambacho hakikuwa kichafu. Nimetembea mpaka stendi bila safari yoyote, nikatazama watu wakipanda basi la Mwanhuzi, la kwenda kwetu, nikarudi. Kuna neno nimekuwa nikilikwepa. Ulisema kweli, mama yangu. Zile herufi zilikuwa na masizi.

Unakumbuka tulivyoanza. Daftari lako la nyimbo za kwaya lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni, ukasema nyimbo za Kisukuma zitapotea nasi tunatazama. Ukanisomea wimbo mmoja mmoja, mimi nikichapa, wewe ukinirekebisha Kisukuma changu cha mjini. Ukataka maandishi meupe, makubwa, na nyuma yake picha ya kitenge cha kwaya, kile cha rangi ya chungwa. Nikatengeneza programu ya simu ambayo kila mstari unawaka zamu yake ikifika, ili mwimbishaji asipotee. Mwimbishaji mwenyewe alikuwa wewe. Nikakuwekea kwenye simu yako bila hata kuijaribu humo, nikarudi Bariadi kazini nikijiona nimemaliza.

Wiki ile ile ulinipigia kutoka Bukundi. Ulisema, "Kabula, nyimbo ni nzuri. Ila herufi zako zina masizi."

Nikakuambia ufute kioo. Ukasema umefuta. Nikafungua programu kwenye kompyuta yangu, nikaona maandishi meupe, safi kabisa, nikakujibu kwamba hayo ni macho, huenda mtoto wa jicho ameanza, nenda ukapimwe. Nawe ukaenda. Ulishinda kwenye foleni siku nzima, ukarudi na miwani na maneno ya daktari kwamba macho yako ni ya umri wako tu, hayana ugonjwa. Ukanipigia tena. Ukasema kwa miwani hiyo masizi unayaona vizuri zaidi.

Nilicheka, Mayu. Niliwasimulia hata wenzangu ofisini, wakacheka nao. Hukuyataja tena, nami nikadhani yamekwisha.

Kisha ikaja asubuhi ile ya presha. Kaka alinipigia nikiwa njiani kwenda kazini, nikapanda basi, na nilipofika walikuwa wameshakufunika. Hayo siwezi kuyaandika.

Siku ya tatu baada ya maziko, Mama Masanja alikuja nyumbani. Kwayani mlikaa benchi moja miaka yote, kwa hiyo sikushangaa kuona macho yake yamevimba kuliko ya baadhi ya ndugu. Alitaka nyimbo ziwe tayari kwa misa yako ya arobaini, kwenye simu za wanakwaya wote. Baba akaingia ndani akanitolea simu yako. Nikaifungua pale uani, jua la mchana, mara ya kwanza kuiona programu yangu nikiwa nimeishika mahali ulipokuwa unaishika wewe.

Nikaona. Kila herufi ilikuwa na ukingo mchafu, kama sufuria iliyotolewa kwenye kuni. Nikashika ncha ya kanga nikafuta kioo. Nikafuta tena. Mama Masanja akanitazama, akasema polepole, "Hata mama yako alikuwa anafuta hivyo hivyo kila kabla ya kuimba. Tulitaka kukupigia. Akatukataza, akasema mtoto ana kazi nyingi."

Nilirudi Bariadi na neno hilo. Kwa siku nne sikukaa kitako vizuri. Ngoja nikueleze nilichokikuta, kwa sababu ulinieleza shida yako na mimi sikukujibu.

Kwenye simu kila herufi ni kipicha kidogo. Katikati pamejaa, nje hapana kitu, na ukingoni kuna nukta ambazo nusu zipo, nusu hazipo. Kile kipimo cha kuonekana tunakiita alfa. Simu inachukua nukta hizo na kuzichanganya na rangi iliyo nyuma, ndipo herufi inapotulia juu ya picha bila kukatika kama imekatwa kwa panga. Sasa, zile nukta za nje zisizoonekana nazo zina rangi, na mimi nilikuwa nimeziacha nyeusi. Nilidhani kitu kisichoonekana hakiwezi kudhuru. Lakini simu inapobadilisha ukubwa wa herufi, nukta ya ukingoni huazima rangi kwa jirani yake. Ikaazima weusi.

Na kwa nini mimi sikuuona? Kwa sababu kwenye kompyuta yangu nilijaribu maandishi juu ya weusi mtupu siku zote. Weusi juu ya weusi. Wewe ulikuwa na kitenge cha rangi ya chungwa.

Kwanza nilibadilisha aina ya maandishi, masizi yakabaki. Nikabadilisha kanuni ya kuchanganya peke yake, herufi zikavimba kama zimenyeshewa. Nikairudisha kanuni ya zamani, nikazidisha rangi ya kila nukta kwa alfa yake mapema kabla ya kuchanganya, masizi yakazidi kuliko mwanzo. Hapo niliifunga kompyuta nikatoka, nikatembea barabara ya kwenda mnadani mpaka viatu vikanichubua. Nikiwa njiani ndipo nikaelewa: kile kipimo kilikuwa kinazidishwa mara mbili, mara moja na mimi, mara moja na ile kanuni ya zamani. Marekebisho yale mawili yanatakiwa yaende pamoja. Nikarudi nachechemea. Kazi yenyewe ilikuwa mistari miwili. Niliweka simu yako juu ya meza, nikafungua wimbo wa kwanza, na herufi zikatoka nyeupe tupu.

Mistari miwili tu. Ningeifanya siku ile uliyopiga simu.

Misa ya arobaini ilikuwa nzuri. Kigango kilijaa, wengine wakasimama nje. Mama Masanja ndiye aliyeimbisha, na ubeti wa pili sauti ilimkatika, wenzake wakaupokea. Hakuna aliyefuta kioo. Niliwatazama wote, mmoja mmoja, nikihesabu mikono. Nilitegemea moyo utatulia hapo. Haukutulia.

Mengine: mbuzi wako mweupe amezaa. Kaka amelima shamba la pamba la ng'ambo, lile ulilosema limechoka. Miwani yako ninayo mimi, nimeomba nipewe.

Baba amekonda. Wiki hii anasema kuna kitu kinatembea juu ya bati upande wa chumba chenu, mchana kweupe. Kaka zangu wanasema ni upweke, wanamwitikia tu kisha wanabadilisha mazungumzo. Juzi alinipigia akaniambia na mimi, halafu haraka akasema labda ni masikio yake. Nilisikia jinsi alivyolisema hilo, Mayu. Niliijua ile sauti.

Basi pumzika. Nisamehe kicheko kile. Siahidi mambo makubwa, nakuahidi hili moja: Jumamosi napanda basi la kwanza la kwenda nyumbani. Nitaazima ngazi kwa Mama Masanja, nitaiegemeza ukutani na nitapanda mwenyewe mpaka juu ya bati. Baba sitamuuliza kama ana hakika.

Mwanao,
Kabula