Maji ya Mtambo

Buhongwa, 5 Machi 2023

Mwanangu Justa,

Pokea salamu zetu. Mimi na mama yako wazima, isipokuwa goti langu la kushoto linanisumbua nikichuchumaa. Wewe u hali gani huko Nansio? Hiyo nyumba ya wageni unayofanyia kazi, wanakulisha vizuri? Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimeamua kuandika, na barua nimempa Ngosha anayefanya kazi melini akufikishie mkononi.

Niende kwenye lililonikalisha chini. Ni miezi minne sasa tangu uondoke. Nimefikiri sana, na nimeamua kukusamehe. Miche elfu moja na mia nne ya parachichi si mchezo, hasa wanunuzi wanapokuja kuichukua na kuikuta imekauka. Nilikuambia imwagiliwe maji ya mtambo peke yake. Nilinunua ule mtambo wa kuchuja kwa sababu maji ya bomba yana dawa, na aliyeniuzia alinieleza wazi kwamba dawa ile inaunguza mizizi. Asubuhi ile nikakukuta umechomeka mpira kwenye bomba. Nikasema niliyosema mbele ya watu. Labda ningesubiri wageni waondoke. Lakini kosa ni kosa.

Sasa nimeotesha miche mipya. Naimwagilia mwenyewe, maji ya mtambo tu. Rudi nyumbani tusaidiane. Mama yako anakusalimu mno.

Ni mimi,
Baba yako


Nansio, 20 Machi 2023

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepata nafuu. Mama naye namwamkia. Mimi nipo salama. Nakaa mapokezi, naandika majina ya wageni na kuwapa funguo. Chakula kipo, samaki hawakosekani.

Baba, barua yako nimeisoma mara nyingi. Umenisamehe kosa ambalo sikulifanya, na sijui nikushukuru vipi. Acha nikueleze, kwa sababu siku ile hukunipa nafasi.

Ile miche niliimwagilia maji ya mtambo kama ulivyoagiza. Wiki ya tatu majani yakaanza kuungua kwenye ncha, ule ukahawia ukawa unapanda taratibu. Nilikufuata barazani ukisoma gazeti. Nikasema, "Baba, haya maji yana kitu." Ukanijibu, "Yaliyochujwa yana kitu, ya bomba hayana? Ulisomea nini huko chuoni?" Mama naye akasema chai ya maji yale haina ladha yake. Ukacheka.

Basi nikachukua tuta moja tu, lile la mwisho karibu na ukuta, nikawa nalimwagilia maji ya bomba. Nayalaza kwenye ndoo ili dawa ipungue, asubuhi namwagilia. Siku uliyonikuta na mpira nilikuwa najaza hizo ndoo. Tuta lile ndilo lililopona, baba. Peke yake.

Kama huniamini, chukua viriba viwili vyenye miche. Kimoja kipe maji ya bomba yaliyolala, kingine ya mtambo. Halafu subiri uone.

Mwanao,
Justa


Buhongwa, 2 Aprili 2023

Justa,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Nimefundisha hisabati na sayansi miaka thelathini na minne. Sihitaji kupewa jaribio la darasa la tano na mtoto niliyemfundisha kusoma mwenyewe. Tuta la mwisho lilipona kwa sababu lina kivuli cha ukuta. Nilikuandikia nikikuita nyumbani, wewe umeniletea ubishi. Siku ukiwa tayari kukiri, mlango uko wazi.

Baba yako


Buhongwa, 24 Septemba 2023

Mwanangu Justa,

Salamu kwako popote barua hii itakapokukuta. Natumaini u mzima. Sisi wazima wa mwili. Mama yako ndiye aliyeniketisha hapa mezani, akaniwekea kalamu, akaondoka.

Miche niliyokuambia ilikufa Juni. Nikasema ni mbegu mbaya, nikaotesha mingine. Nayo imekufa. Majani yaliungua ncha vilevile ulivyoeleza, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumsingizia, maana mpira haukushikwa na mkono mwingine ila wangu. Siku tatu nilikuwa nang'oa mche mmoja mmoja. Siku ya nne mama yako akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Kulikuwa na mabeseni mawili kuukuu, kila moja na viriba vitano. Katika moja miche ilikuwa ya kijani, inang'aa. Katika jingine ilikuwa vijiti tu.

"Hii naipa maji ya bomba," akasema. "Ile ya mtambo wako. Tangu Aprili."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanijibu, "Justa alikuambia. Ulimfanya nini?"

Nikamwita fundi kutoka Nyakato aliyezoea mitambo ya viwandani. Akaufungua. Ule mtambo una pipa la chumvi pembeni. Chumvi ndiyo inayousafisha kwa ndani, kisha yale maji ya chumvi yanatakiwa kutoka nje kwa bomba la taka. Aliyeufunga alikosea hapo, chumvi ikawa inavuja kidogo kidogo kwenye maji yetu. Mtu anaweza kunywa asiitambue, lakini mche wa parachichi hauvumilii. Fundi akasema hata kama ungefungwa vizuri, sikuwa na haja nao kwa miche. Maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo yangetosha. Nilimuuliza mara mbili. Mara zote mbili alisema maneno yako.

Kuna jambo jingine ambalo hulijui. Siku ile, ulipoingia ndani ukilia, Mhoja, mwenyekiti wa kile kikundi cha wakulima waliokuja kununua, aliniuliza mbona tuta la mwisho limepona. Nikamjibu, "Lile namwagilia mwenyewe." Watu wote wakisikia. Sikuwa nimeligusa hata siku moja. Nilikuwa nimeaibika, Justa, nikajifunika kwa kazi ya mikono yako.

Nisamehe. Sijawahi kumwandikia mtu neno hili, na nimeliandika mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya hii. Rudi nyumbani, kitalu kiwe chako, uendeshe unavyojua. Mimi nitabeba ndoo.

Baba yako


Nansio, 19 Novemba 2023

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe na mama mnaendelea vizuri. Poleni kwa miche. Mimi sijambo. Nimechelewa kujibu, na sitasema nilikosa muda. Barua yako niliiweka chini ya nguo, nikawa naikwepa.

Nimekusamehe. Nimeliandika hili mwanzoni ili usihangaike kulitafuta chini.

Lakini na mimi kuna jambo ambalo hulijui. Mhoja alikuwa ameshaniahidi kazi ya bibi shamba wa kikundi chao. Nilikuwa nianze Januari. Sikukuambia kwa sababu nilitaka ulisikie kutoka kwake, siku hiyohiyo ya kuwakabidhi miche, mbele ya watu. Niliona utafurahi. Wiki iliyofuata alinipigia simu. Akasema, "Binti, kama baba yako mwenyewe hakuamini, mimi nitawaambia nini wanachama?" Nikajaribu vitalu vingine, nikaenda Kisesa, nikaenda Usagara. Kila nilikofika walikuwa wamekwisha kusikia. "Ndiye huyu wa miche ya Mwalimu?" Mmoja aliniuliza huku anacheka, hakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana nikavuka maji.

Nilidhani lililoniuma zaidi ni kufokewa. Sasa naona sivyo. Lile tuta nilikuwa naamka kabla yenu kwenda kuliangalia. Ndilo pekee nililoweza kulionyesha kuthibitisha kwamba najua kazi yangu, na ukalichukua ukasema ni lako.

Mbele ya mapokezi hapa kuna kibustani kimeachwa. Mwenye nyumba aliniomba nikitunze. Nikamwambia sijui mambo ya mimea.

Usiniambie nirudi, baba. Bado sijui kama nitaweza.

Mwanao,
Justa


Buhongwa, 7 Januari 2024

Mwanangu Justa,

Heri ya mwaka mpya. Tumeuona salama, tunashukuru. Mama yako alipika pilau Krismasi, akakupakulia na wewe sahani kama kawaida yake. Sikumuuliza.

Barua yako nilimsomea. Hakulia. Alisema tu, "Bibi shamba," akaenda kufua.

Desemba nilikwenda kwenye mkutano wa kikundi cha Mhoja. Sikualikwa. Niliomba dakika tano, nikasimama, nikaeleza yote kama nilivyokuandikia: mtambo, chumvi, tuta la mwisho ni la nani, na nani alidanganya. Njiani nilikuwa nimejiandaa kuzomewa. Hawakunizomea. Walikuwa watu kama ishirini, na kati yao waliokuwepo siku ile sikuona hata wanne. Wengine walikuwa wanatazama simu. Mhoja akasema, "Mwalimu, hayo yalishapita. Tuendelee na ajenda." Nikamuuliza kuhusu ile kazi. Akasema wana mtu, anafanya vizuri, hana sababu ya kumwondoa. Na kweli hana.

Nikakaa. Nilidhani nikienda kusema ukweli palepale, nitakuwa nimerekebisha. Lakini waliousikia uongo wangu wamekwenda nao makwao, na sijui hata majina yao. Miaka yote nilipokosea ubaoni nilichukua kifutio, darasa zima likiwa bado limeketi.

Nitakuja Nansio Jumamosi tarehe 20 kwa meli ya asubuhi. Siji kukuchukua, na sitakuomba chochote. Nataka nikuone tu, halafu nirudi na meli ya saa nane mchana.

Baba yako


Nansio, 22 Januari 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini ulifika salama. Upepo ulikuwa mkali ule mchana, nikawa namuuliza kila mtu kama meli imeshafika Mwanza. Mama hajambo?

Queen, ninayefanya naye kazi mapokezi, alikuambia nimetoka. Sikuwa nimetoka. Mimi ndiye niliyemtuma aseme vile. Nilikuwa ndani ya stoo ya mashuka, hatua tano kutoka pale uliposimama, mlango nimeurudisha. Nilikusikia ukimwambia, "Hamna shida, mama. Akirudi mwambie baba yake alipita." Kisha ukaomba kukaa kwenye benchi mpaka muda wa meli.

Ulikaa kwa muda wa karibu saa mbili. Ulikuwa umevaa suti yako ya kijivu, ile uliyovaa kwenye mahafali yangu. Kila mtu alipoingia uliinuka, ukatazama, ukakaa tena. Queen alikuletea soda hukuinywa. Alikuja stoo mara mbili kuniambia, "Justa, mzee wa watu huyu." Nikamwambia aniache. Nilitaka na wewe ujue inavyokuwa kusubiri mtu akusikilize naye hataki. Nilidhani ukishajua, moyo wangu utatulia.

Ulipoondoka niliendelea kukunja mashuka. Nikakunja moja, nikakunja la pili, nikayaacha. Nikakimbia mpaka gatini. Kamba zilikuwa zimeshafunguliwa. Nilikuona juu, umesimama kati ya watu, umenipa mgongo. Niliita "Baba!" mpaka watu wakageuka kunitazama mimi. Injini ilikuwa inanguruma, hukusikia. Nilisimama pale mpaka meli ikawa ndogo kabisa.

Najuta, baba. Ulikuja kwa heshima na nikakurudisha kama mgeni asiyejulikana. Hata kama ulinikosea, hukustahili lile benchi.

Jumamosi ya tarehe 3 Februari siko zamu. Nimeshabadilishana na Queen. Kama bado una moyo wa kuvuka tena, njoo, na mama ukiweza kuja naye. Mimi nitakuwa gatini tangu saa nne.

Mwanao,
Justa