Mke Mwenza Wangu Hafi

Marani, Juni 1943

Onchiri mjukuu wangu,

Wewe ni mume ama ni kivuli? Mkeo Bitutu anaugua ndui, na wewe huko kazini Kericho unaniandikia nikae mbali naye nisife! Uso wangu wenye mashimo umeusahau? Ndui ilinila nikiwa msichana, na haili chungu kimoja mara mbili.

Majirani walikuja kuchoma nyumba yenu. Nikakaa mlangoni na jembe, wakakumbuka kazi zao.

Ninamlaza juu ya majani ya mgomba, vidonda visishike ngozi ya kulalia. Ninamtania, vile nyanya humtania mke wa mjukuu: “Mke mwenza, usiniachie huyu mume wetu mvivu peke yangu!” Jana alicheka. Lakini uji anakataa. Anasema umemwacha.

Sasa omba ruhusa uje. Mto huu ulio chini ya nyumba usivuke, maana wewe ndui haijakuonja. Simama ng'ambo, penye kivuko, umwite jina lake kwa nguvu. Mimi nitakuwa nimefungua mlango, na uji tayari mkononi. Usinyamaze mpaka umsikie akiitika.

Mke wako mzee,
Nyanya Nyanchera