Nimeshakwenda Uhamiaji Mwenyewe

Mwanangu,

Chakula kiko jikoni, upashe moto tu. Nguo nimeanua. Pasipoti yangu iko juu ya friji, imegongwa muhuri, kwa hiyo usihangaike.

Asubuhi nilikusikia kwenye simu ukimbembeleza bosi wako akupe ruhusa unipeleke kuripoti. Alipokataa ukaniambia, "Tutachelewa kidogo, watatuelewa. Peke yako utapotea, Mama." Iliniuma. Mimi niliyeongoza wodi ya wazazi mpaka nikastaafu, nishindwe na dirisha la ofisi? Na mwisho wa kuripoti ni leo. Ulipoondoka tu, nami nikatoka.

Haya, nilikosea foleni. Nimesimama weee, mpaka mzee mmoja nyuma yangu akachungulia fomu yangu, akaninong'oneza, "Bibie, hii ni foleni ya wanaoombea wachumba vibali. Sisi wastaafu wageni tunaripoti dirisha la mwisho."

"Na wewe umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe. Ulivyotembea, nikadhani unajua njia."

Tulicheka mpaka askari wa mlangoni akatutolea macho. Kumbe mzee huyo alikuwa dereva wa treni, naye amemfuata binti yake huku ugenini. Tukaenda dirisha letu pamoja, tukamaliza upesi.

Nimepita nyumbani kubadili viatu tu. Amenialika chai, na binti yake atakuwepo, usianze maneno. Nitarudi ~~saa kumi~~ jioni.

Zamu ijayo ya kuripoti usimbembeleze bosi. Nimeshapata wa kwenda naye.

Mama yako