Mpe Chaki Mtoto Anayeuliza Vipeo

Mjukuu wangu Shabani,

Marahaba. Huku Mwembesongo tu wazima, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike. Ila leo sikuiti mume wangu, maana barua yako imenipandisha hasira.

Wewe mwalimu mzima unaniuliza umnyamazishe vipi mwanafunzi! Eti anakusumbua kwa kuuliza kwa nini, mkizidisha 2×10² kwa 3×10³, mbili na tatu za mbele mnazizidisha, lakini vipeo mnavijumlisha.

Swali hilohilo niliuliza mimi, shuleni kwetu kule Mgeta milimani. Mwalimu akanipigisha magoti uani, wenzangu wakinicheka dirishani. Pale chini nikaandika vumbini kwa kidole: 100 mara 1000. Sifuri mbili zikaungana na sifuri tatu, zikawa tano. Kumbe kipeo kinahesabu sifuri tu! Nikanyoosha mkono kwa furaha. Akaniambia, “Shusha!”

Nikaushusha, na sikuunyoosha tena mpaka namaliza shule.

Sasa wewe, damu yangu, unataka kumshusha mwingine mkono? Thubutu! Kesho mpe chaki. Akishaandika sifuri zake ubaoni, ndipo nitakuita mume wangu.

Bibi yako,
Mwanahawa