Mikorosho Niliyoikata

Msambweni, Jumatano, baada ya magharibi

Laiti ningemsikiliza Mwanasha.

Leo bwana shamba kutoka Matuga alikuja kupima udongo. Alichimba kwangu, kisha akachimba kwa dada yangu Mwanasha, upande wa pili wa ua. Shamba ni lile lile la marehemu baba, tuligawana. Udongo wake ulitoka mweusi, umeshikamana, una nyungunyungu. Wangu ulinimwagikia vidoleni kama mchanga wa pwani.

“Mzee, kaboni ya udongo, ile inayoupa rutuba, inatokana na majani yanayooza,” akaniambia. “Wewe ulikata mikorosho ukapanda mahindi, na kila msimu unachoma mabua. Udongo utakula nini?”

Siku ile ya kukata, Mwanasha alinisihi nibakishe japo safu moja. Nilimjibu kwamba mwanamke hajui kilimo. Nilimjibu mbele ya watu.

Leo nilingoja anicheke. Hakunicheka. Alisema tu, “Kaka, usichome mabua tena. Na majani ya mikorosho yangu njoo uzoe, yamejaa tele.”

Nilitaka kumwomba radhi pale pale, lakini bwana shamba alikuwa amesimama karibu, nikaona haya.

Kumvunjia heshima mbele ya watu sikuona haya.