Hakuna Gari Lililokuja

Mdogo wangu Waya,

Nakusalimu kwa mapenzi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimeshakuachia. Mimi na shemeji yako hatujambo. Watoto wazima, ila huyu wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anatulazimisha tumwite babu.

Najua umezoea ujumbe wangu wa simu, tena mfupi. Haya ya leo hayaenei kwenye simu.

Nianze na la furaha. Tangu mwanzo wa mwezi huu mimi ndiye mkuu wa karakana ya miguu ya bandia pale hospitali. Mkuu wetu, yule tunayemwita Mzee wa Plasta, amestaafu, na alipoulizwa nani ashike nafasi yake akanitaja mimi mbele ya mafundi wenye vyeti kunizidi. Nimepewa ofisi yenye dirisha moja na rundo la funguo. Bado sijaikalia sana. Mikono yangu inapenda benchi, na harufu ya gundi na ngozi kwangu ni manukato, jambo ambalo shemeji yako halikubali hata kidogo.

Wiki iliyopita tulikuwa na mshona nguo mmoja, mama wa makamo aliyepoteza mguu ajalini. Alikuja mara tatu, na kila mara mkanda wa kufungia mguu wa bandia ulimchubua. Wenzangu wakasema ni uoga wake tu. Nikamwomba akae kama anavyokaa kwenye cherehani, nikaona anakandamiza pedali kwa nyonga nzima. Niliufumua mkanda, nikaushona upya upande wa pili. Alitembea hadi mlangoni, akarudi, na badala ya asante akauliza kama Jumatatu anaweza kwenda kazini. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia ile ofisi.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini niandike. Juzi Mama alinipigia. Alisema tangu kiwanda chenu kifungwe, wewe fundi umeme wa miaka yote hiyo umepeleka barua za kazi tatu, zote zimegonga mwamba, na sasa unashinda kitandani umegeukia ukuta. Alipokutajia habari zangu ulimjibu kwa upole, "Mama, dada alifuatwa na gari hadi nyumbani. Mimi atanifuata nani?"

Waya, hakuna gari lililokuja.

Kiwanda cha viatu kilipotuachisha kazi, nilikaa bure miezi saba. Karakana niliifuata mwenyewe, kwa miguu. Mara ya kwanza karani aliniuliza cheti, sikuwa nacho, akanionyesha njia ya kutokea. Mara ya pili Mzee wa Plasta alinihurumia akanipa jaribio la kutoa umbo la mguu kwa plasta. Plasta ikaganda kabla sijaipanga, ikapasuka mikononi mwangu mbele ya watu sita. Nililia chooni palepale hospitali, na wiki nzima nilijiita mbumbumbu. Kisha nikajiuliza, je, nami najua nini ambacho wao hawakijui? Nilikuwa nimeshona ngozi miaka kumi na moja. Nikakatakata mikoba yangu miwili mikuukuu, nikashona mikanda minne ya kufungia mguu, nikaipeleka. Mzee aliivuta, akaigeuza, akasema, "Plasta tutakufundisha. Mshono huu hatuna wa kuufundisha."

Niliona haya kuwaeleza. Nikamwambia Mama kuwa wamenifuata kwa sifa zangu, na gari nikaliongeza mimi mwenyewe ili hadithi inoge. Nilidhani najipamba tu. Sikujua kuwa ungekuja kujipima kwa uongo wangu. Nisamehe, ndugu yangu.

Sikuambii uinuke leo. Nakuomba uniandikie kila unachokijua kwa mikono yako, hata unachokiona si kitu. Wewe ulikuwa ukitambua hitilafu ya mtambo kwa kuusikiliza tu, na nina hakika hukuliandika hilo katika barua hata moja kati ya zile tatu.

Jumapili nitakuja nimweleze Mama mwenyewe. Atanuna mpaka chai ipoe, halafu atataka nianze tena tangu mwanzo. Nisalimie majirani wote, na mwenyewe ujifunike vizuri, kifua hicho si cha kukichezea.

Ni mimi dada yako,
niliyekataliwa mara mbili.