Sahani Nyeusi Ukutani kwa Adija

Bagamoyo,
Machi 1957

Dada Mwanahija, shikamoo.

Hapana dada, hiyo santuri aliyokuletea Mtoro siyo ya mama. Mrudishie kabla hajamaliza chai yako, na ile aliyokwisha kunywa msamehe. Nimeanza na jibu kwa sababu nakujua, ungeziruka salamu zote ulitafute. Sasa tusalimiane kama watu. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Homa ilinishika mwezi uliopita, ikaona hakuna nyama ya kula, ikaondoka yenyewe. Wewe hujambo? Shemeji Pazi naye, na lile lori lake, bado linakohoa? Ashatu mdogo bado anaimba kutwa mpaka majirani wa hapo Msata wanafunga madirisha? Mwache aimbe, kamrithi bibi yake.

Utauliza nimejuaje kuwa siyo na sijaitia machoni. Umeniambia mwenyewe. Umeandika kuwa ilikuponyoka, ikaanguka, ikamegeka ukingo. Basi imekwisha hapo. Santuri za dukani ni za lakiri, zikianguka humegeka kama kigae. Ile yenye sauti ya mama haiwezi kumegeka kwa sababu ndani yake ni bati. Yule bwana aliyekuja na mashine kwenye harusi ya Adija kule Kerege hakuwa na kiwanda. Alikuwa na sahani za bati zilizopakwa rangi nyeusi laini, na mashine ikachora sauti pale pale, watu wakiimba. Ndiyo maana ikatoka moja tu, haina pacha popote.

Usinione fundi. Hasara ndiyo iliyonifundisha. Tangu nianze kuuza santuri kuukuu, nikizitoa Dar na kuzitembeza huku, kila anayesikia kuwa natafuta sauti ya mama anakuwa nayo. Mmoja pale Chalinze aliniuzia moja isiyo na karatasi katikati, akaapa mpaka nikamwonea huruma kwa viapo vyake. Nikaja nayo nyumbani, nikafunga mlango, nikaandaa leso ya kulilia. Kuweka sindano, akaimba Mhindi, mwanamume, tena mwenye mafua. Ile leso nikafutia jasho. Kumbe karatasi yake aliibandua kwa maji ya moto ili nisijue.

Kwa hiyo siku hizi sikubali viapo. Natazama ukingo kwanza: ya kweli weusi wake umechubuka mahali na bati linang'aa. Naigonga kwa kucha, ya dukani hulia kama kigae na ya kweli hulia kama sinia. Kisha natazama katikati. Mbali na lile tundu la kawaida pana jingine dogo pembeni, la kuishikilia isiteleze kwenye mashine wakati wa kuchora. Na zikishazeeka hutoa unga mweupe juu, kama poda kwenye shingo ya mwali. Wengine wakiuona unga huo huzitupa, wanadhani mtu kawafanyia jambo.

Basi barua yako ilinitia haya. Nikaona wewe huko unatapeliwa na mimi huku natapeliwa, na hatujamuuliza mwenye harusi. Unakumbuka tuliambiwa yule bwana aliondoka na sahani yake. Nikamfuata mzee Bwanausi, baba yake Adija, baada ya sala ya Ijumaa. Akanishangaa. Akasema yule bwana alichukua nyingine alizochora siku zile, ila hiyo moja alimwachia bibi harusi iwe tunzo, na mimi nilikuwa wapi siku zote, nimelala? Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nimelala Chalinze na Mhindi.

Nikapanda basi mpaka Kerege. Adija kanenepa, kapendeza, na mdomo ni ule ule. Kabla sijakaa akaniuliza kama nimekuja kumuuzia kitu au kumkopa. Nikamwambia nimekuja kutazama tu, akasema basi hapo ndipo pa kuogopa. Kuinua macho, naiona. Dada, kaitundika ukutani. Unajua kule sebuleni wanavyopanga sahani za kaure, za maua na za majogoo? Katikati yao iko sahani moja nyeusi. Akaniambia kwa fahari kuwa hana gramafoni, lakini sahani ni sahani, na kila Ijumaa anazisugua zote kwa mafuta ya nazi zing'ae. Na kweli inang'aa, unaweza kujitazamia uso.

Moyo ukaniingia maji. Mafuta ya nazi, tangu harusi mpaka leo, kila wiki, na vumbi la barabara juu yake. Lakini sikumwonyesha. Nikamwambia anipe ile nyeusi, na pengo lake nitalijaza kwa sahani ya mawaridi niliyonayo nyumbani. Akakubali haraka, nami nikajiona mjanja sana. Ndipo akasema na sinia pia, na birika lake. Nimebaki nanywea chai kwenye kopo.

Nikarudi nayo Bagamoyo. Sindano ya chuma sikuithubutu, hulima sahani laini kama jembe. Nikachonga mwiba wa mchongoma, nikauweka. Upande ule ulioelekea watu ni ngoma ya wanaume, na haisikiki tena. Mafuta yameshika vumbi, ni kama mvua juu ya makuti. Nikakaa kitako nikajisemea imekwisha, nitamwandikia nini dada.

Kisha nikaigeuza. Upande ulioelekea ukutani Adija hakuwahi kuusugua, maana nani anasugua mgongo wa sahani? Una unga wake mweupe, wote. Nikaufuta taratibu kwa kipande cha kanga kuukuu, kikavu, nikashusha mwiba.

Sasa dada, kaa chini. Kama Pazi yuko karibu na yeye akae.

Ni mama. Kabla ya kuimba yule bwana alimtaka ataje jina na wimbo. Akasema yeye ni Ashatu binti Dadi. Akasema wimbo huu aliutunga kwa harusi ya binti yake mkubwa, Mwanahija, lakini mwali mwenyewe kapanda lori na dereva kabla hajaimbiwa. Wanawake nyuma yake wakacheka, na yeye akacheka, kicheko kile kile cha puani. Akasema kwa hiyo leo anamwazima Adija. Kumwazima, dada, ndivyo alivyosema. Na akasema Mwanahija akisikia, popote alipo, ajue wimbo ni wake na radhi anazo tangu siku ile ile, maneno yale yalikuwa ya mdomoni tu.

Wewe uliogopa kuja, yeye akaona haya kukufuata, na mwaka uliofuata ukafika tumeshamzika. Najua ulivyolia kuwa umekosa radhi yake. Nimemuuliza Adija mbona hakutwambia. Kasema yeye alikuwa chumbani amefunikwa ushungi, hakusikia lolote, na hao waliocheka walidhani mmeshapatana.

Wimbo wenyewe sijausikiliza. Alipovuta pumzi ili aanze niliinua mwiba. Sahani hizi kila ukizipiga zinalika kidogo, na sikutaka kuula wimbo wako peke yangu.

Kwa hiyo nina biashara nawe, na ujue mimi sifanyi biashara ya hasara mara mbili. Kwao Mwaija wameikubali posa yangu, harusi ni Mfungo Mosi. Usiniulize wamenikubalia nini, na mimi nashangaa. Mwambie Pazi akulete wewe na Ashatu kwa lori hilo hilo lililokuchukua. Mimi natoa gramafoni, miiba na mkeka wa kukalia, na tutaipiga mpaka muushike wote wawili kichwani. Na wewe siku ya harusi yangu usimame uniimbie, na usijisingizie sauti.

Ukikubali, nitumie neno kwa dereva yeyote anayeshuka. Ukikataa, ninaye Mhindi wangu wa Chalinze, ataimba yeye.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wenye madirisha.

Ndugu yako mpenzi,
Kibwana